Debe Moja, Gorogoro Nane

Shrrrp. Tak.

Hiyo sauti naijua hata leo, hata nikiwa nimefunga macho. Shrrrp ni fimbo bapa ikipita juu ya mdomo wa kopo, ikisukuma maharagwe yaliyozidi yarudi guniani. Tak ni fimbo hiyo ikigonga ukingo mwisho wa safari yake, kusema kazi imeisha na hakuna kubembelezana. Niliisikia kutwa nzima nilipokuwa nimeajiriwa kupima nafaka katika duka la shosho mmoja, bibi mzee wa Kikuyu, kule Kawangware. Duka lenyewe halipo tena. Watoto wake walilibomoa wakajenga ghorofa la kupangisha, na pale palipokuwa na magunia yaliyokunjwa midomo kama soksi, sasa pana geti jeusi na ngazi. Lakini nikipita hapo masikio yangu bado husimama.

Shosho alikuwa mwenyeji wa Kawangware, wa kuzaliwa. Babake alilima viazi pale ambapo leo ni ploti juu ya ploti. Alikuwa na sheria moja tu dukani. "Kopo likijaa, limejaa," alikuwa akisema. "Kilicho juu ya kopo ni hewa, na hewa siuzi." Mteja akilalamika, "Shosho, si uniongezee hata kidogo, ni mimi wako wa kila siku," yeye hakumjibu mteja. Alinigeukia mimi, akiniita msichana kwa lugha yake: "Kairitu, futa." Nami nilifuta. Shrrrp, tak. Mteja anacheka, au anasonya, lakini kesho yake anarudi, kwa sababu kwa Shosho, tajiri na maskini walifutwa sawa.

Nilikuwa nafurahia ile kazi, sitadanganya. Shuleni nilifika kidato cha pili, karo ikakataa kuendelea na mimi. Huko tulifundishwa lita, na lita nilizielewa vizuri kabisa, mwalimu wa hesabu alikuwa akinipa alama zote. Shida ni kwamba lita haziishi Gatwekera, mtaa wetu kule Kibera. Hupita tu, na maziwa ya paketi na mafuta ya taa, halafu zinaenda zao. Sisi tunaishi kwa gorogoro, lile kopo la bati la mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha ndio kopo huanza maisha. Glasi zinaingia kwenye gorogoro, gorogoro nane zinaingia kwenye debe, madebe yanaingia kwenye gunia. Ngazi hiyo niliijua kupanda na kushuka. Ungeniamsha uniulize gorogoro ngapi ziko kwenye nusu gunia, ningekujibu kabla sijajua wewe ni nani.

Na nilikuwa na ndoto. Kando ya njia ya kuingia Kisumu Ndogo kuna kibanda cha mabati, wakati huo kilikuwa kimefungwa, mwenyewe amerudi ushago, kijijini kwao. Kichwani nilikuwa nimeshakipaka rangi ya samawati. Maharagwe ya kila aina upande huu, mahindi upande ule, njugu kwenye beseni mbele ili watoto wawe wanazitazama. Nilikuwa hata nimejichongea fimbo yangu ya kufutia. Niliokota kipande cha mbao kwenye mjengo, nikakiparua kwa kigae cha chupa jioni baada ya jioni, mpaka kikawa laini kama mgongo wa kijiko. Mama alikuwa akinitazama, anacheka chini chini. "Mwenye duka bila duka," aliniita.

Mama yangu anauza omena, vidagaa vya ziwani, pale Kisumu Ndogo. Na huko, lazima niseme, mambo ya kopo ni tofauti. Mama hajazi gorogoro halafu akaifuta. Anaijaza, kisha anaweka viganja viwili pembeni kama anayeshika mashavu ya mtoto, anapandisha omena juu ya mdomo wa kopo, anapandisha, anapandisha, mpaka zinasimama kama kichuguu na mbili tatu zinateleza kando. Hapo ndipo mteja anafungua mfuko wake. Tunaiita kilima. Kilima si nyongeza wala si zawadi, ni sehemu ya gorogoro yenyewe. Watu waliokuja kutoka ziwani ndivyo wanavyopimiana, na mtu akikupimia bila kilima amekuambia jinsi anavyokuona. Gorogoro ya namna hiyo inaitwa ya kipara, na sijawahi kuona mama yangu akimpa mtu kipara, hata yule mteja wake mmoja mwenye mdomo.

Kwa hiyo mchana nilikuwa nafuta, jioni napandisha. Sikuwahi kuona ajabu yoyote. Ni kama mtu anayesema lugha moja kazini na nyingine nyumbani. Hajiulizi neno limeenda wapi njiani.

Basi, chama. Kina mama wa ploti yetu na ploti za jirani walikuwa kumi na wawili, mama akiwa mmoja wao. Walikuwa wakichangishana, na mwaka huo waliamua kununua maharagwe pamoja, msimu yakiwa rahisi, kisha wagawane. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita magari. Alitaka watu wanunue hapo karibu tu. Aliyesimama kunitaja mimi alikuwa mama wa mlango wa mwisho, yule anayeishi pale njia inapoishia kwenye mtaro. Alikuwa mpole, wa kuongea na mkono umefunika mdomo. Alikuwa akiishi kwa kufulia watu nguo, na magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, kwa hiyo alikuwa amepanga kuanza kuuza madondo, yaani maharagwe ya kuchemsha, na chapati asubuhi kwa watu wa mjengo. Sufuria alikuwa ameshanunua. Alikuwa ameisugua na kuianika juu ya mabati, na ilikuwa ikiwaka jua mpaka huwezi kuitazama.

"Tuko na msichana wetu anapima Kawangware," alisema. "Kwani tunatafuta nani mwingine? Atutolee kwa huyo shosho wake. Na akifanya vizuri, si tumuwekee ile kibanda? Chama kiwe na duka, yeye awe ndani."

Moyo wangu ulirukaruka nikaushika kwa nje.

Mwenyekiti alinitazama. "Wewe mrembo. Debe moja ni gorogoro ngapi?"

"Nane," nikasema.

"Nane," akarudia, akiwageukia wenzake. Wote wakaitikia kwa kichwa. "Hata kwetu nyumbani ni nane," mmoja akasema. "Nane ni nane kila mahali," akasema mwingine. "Debe tatu basi. Kila mtu gorogoro mbili, hesabu inakaa chini kama mtoto mzuri."

Mara nyingi narudi kwenye ile dakika. Hakuna aliyedanganya. Nane yangu ilikuwa kweli na nane yao ilikuwa kweli. Kwao ziwani debe lina kilima chake, na gorogoro ina kilima chake, na kilima kinazaa kilima, nane. Kwa Shosho debe ni kipara na gorogoro ni kipara, nane. Tulikubaliana wote, vichwa vyote vinaenda juu na chini, na kila mmoja wetu alikuwa akiona debe lake.

"Maharagwe yafike salama," mwenyekiti akamalizia, "na kibanda ni chako. Lakini yafike."

Nilipima mwenyewe, Shosho amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Nilichagua yale ya rangi ya waridi yenye madoadoa, nikapuliza makapi, nikatoa vijiwe kimoja kimoja. Nikajaza debe, nikafuta kwa ile fimbo ndefu. Shrrrp, tak. Nikajaza tena. Mara ya tatu Shosho alisema, "Umepima vizuri," na huyo hakuwa mtu wa kusema hivyo. Nikafunga gunia, nikaita mwenye mkokoteni, tukaondoka. Nilitembea nyuma ya huo mkokoteni kutoka Kawangware mpaka Kibera mkono wangu ukiwa juu ya gunia. Mwenye mkokoteni alinicheka njia nzima.

"Dada, hii mzigo unaichunga kama mahari."

"Ni zaidi ya mahari," nikamwambia. "Ni duka."

"Sawa mama duka. Sukuma basi kidogo hapa pa kupanda."

Nikasukuma.

Wamama walikuwa wamekaa uani, mabeseni mapajani, na ilikuwa kama sikukuu. Mmoja alikuwa ameleta chai ndani ya chupa. Nikafungua gunia wakaimba, kweli kabisa, walipiga vigelegele kwa sababu ya maharagwe. Nikachukua gorogoro ya mama, nikajaza, nikatoa fimbo yangu mpya kutoka kwenye mfuko wa sweta. Shrrrp. Tak.

Vichwa vyote vikageukia kopo.

"Yawa!" akasema mwenyekiti. "Hiyo nini?"

"Ni kufuta."

"Kufuta nani? Unatupimia kipara? Sisi?"

"Ndivyo nilivyopimiwa kule..."

"Kule ni kule. Hapa si Kawangware, mrembo. Ama umeenda huko mkono wako umekuwa wa huko?" Kicheko kikapita, lakini kilikuwa na meno. "Funga kilima, bwana. Hiyo mti yako peleka jikoni."

Nilimtazama mama yangu. Mama alikuwa anatazama beseni lake. Nikaweka fimbo chini, nikaweka viganja pembeni mwa kopo kama alivyonifundisha tangu niwe mdogo, nikapandisha kilima.

Wakafurahi tena. "Sasa huyo ndiye mtoto wetu!" Nami nikafurahi nao, maana mimi ni wa hivyo, mtu akicheka mbele yangu nacheka kabla sijajua kwa nini. Wa kwanza akapata mbili zake, akaondoka akiyumbisha kiuno. Wa pili. Mama yangu alikuwa wa tatu. Vilima vyangu vilikuwa vizuri sana, vinasimama wima, mmoja akasema nimemshinda mama. Mama wa mlango wa mwisho alikuwa anawapisha wengine, "pita wewe, una mtoto mgongoni", "pita wewe, umeacha jiko". Yeye hakuwa na haraka.

Moyo wangu uliona kabla ya macho. Nilipoingiza kopo guniani kwa ajili ya wa nane, mkono ulienda chini zaidi ya ulivyopaswa kwenda. Nikajiambia ni gunia limelegea. Kwa wa tisa nikapandisha kilima kidogo, kilima cha aibu.

"Mbona changu kina upara?" akauliza, akicheka. "Mimi ni wa kambo?"

Nikaongeza. Ningefanya nini? Nikaongeza.

Wa kumi na moja alipoinuka, nilikuwa nimeshika gunia pembe zake za chini, naliinua, natikisa. Kilichobaki nilikimimina kwenye beseni la mama wa mlango wa mwisho. Hakikujaza hata gorogoro moja. Kilikuwa kiganja kimoja na kingine, na vumbi, na yale maharagwe yaliyovunjika ambayo hukaa chini siku zote. Yaligonga beseni kama mvua inayojaribu kisha ikakata tamaa.

Alitazama ndani. Aliinua macho akanitazama mimi, na mkono wake ukapanda kufunika mdomo.

"Wololo," mtu akasema nyuma.

Halafu zikaja sauti zote pamoja. Debe tatu ni ngapi? Ishirini na nne. Sisi ni wangapi? Kumi na wawili. Zingine ziko wapi? Nikaanza kueleza, kilima, fimbo, kule wanafuta, hapa mmenikataza, na maneno yalikuwa yakitoka yamekanyagana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwizi. Hata mimi nilijisikia. Mwenyekiti akainua mkono watu wakanyamaza.

"Tuseme si wewe," akasema, sasa kwa sauti ya upole, na huo upole ulinitisha zaidi. "Yule wa mkokoteni. Ulimwacha na gunia mahali? Hata kidogo? Ukaenda kununua maji, kitu kama hicho?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Wote walikuwa wanataka nipite. Yule mwanaume alikuwa ameshaenda zake, hakuna ambaye angemtafuta, hakuna ambaye alijua anapolala. Ningesema ndiyo, nilimwacha, basi wangemtukana kidogo, wangenionea huruma, wangechanga tena. Pengine leo ningekuwa na duka. Lakini nilikumbuka alivyonicheka, na tulivyosukuma pamoja pale pa kupanda.

"Sikumwacha hata hatua moja," nikasema. "Mkono wangu ulikuwa juu ya gunia."

"Haya," akasema mwenyekiti. "Umejisemea mwenyewe."

Mama yangu akainuka na beseni lake. Alikwenda mpaka kwa mama wa mlango wa mwisho akainama kumiminia. Yule mama akaziba beseni lake kwa mikono miwili.

"Hapana, mathe. Ya huruma sitaki. Nilitaka yangu." Kisha akaniambia mimi, polepole, bila kufunika mdomo safari hii: "Na ni mimi nilikutaja."

Akaenda nayo yale yaliyovunjika. Kesho yake sufuria haikuwa juu ya mabati. Sikuwahi kuiona tena, na sijui aliiuza au aliiingiza chini ya kitanda.

Nyumbani mama alichambua maharagwe yetu kwa ajili ya kupika, kana kwamba hakuna kilichotokea. Yalikuwa masafi, nilikuwa nimeyachambua mimi mwenyewe, lakini alichambua tu. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikauliza.

"Mama, unaamini nimeiba?"

Alitoa kijiwe ambacho hakikuwepo. "Naamini maharagwe hayakutosha," akasema.

Hakuna neno nimewahi kulitafuna kama hilo. Wale wengine waliniita majina, nikalia, yakapita. Hili la mama halikuwa tusi. Lilikuwa kweli kabisa, limefutwa vizuri, halina kilima hata kidogo. Nami kutoka kwa mama yangu nilitaka kilima.

Nilikwenda kwa Shosho. Sijui nilitaka nini kwake. Labda aje Kibera, asimame uani kwetu na mikono kiunoni, aseme. Alinisikiliza akiwa anashona mdomo wa gunia kwa sindano ile kubwa.

"Uliniomba debe," akasema. "Nikakupa debe. Kilima hukuniomba."

"Shosho, lakini wewe ulijua watu wetu hupima kilima."

"Nilijua. Na wao walijua mimi nafuta. Kawangware yote inajua nafuta. Wewe peke yako ndiye ulikuwa katikati, na ulikuwa unajua zote mbili." Akavuta uzi. "Mimi nimepima kwa fimbo moja tangu nikiwa na meno yote. Ndio maana hakuna mtu amewahi kuniita mwizi. Wewe uliogopa wamama."

"Walinicheka, Shosho."

"Mimi wananicheka kila siku," akasema, akakata uzi kwa meno machache aliyobakisha. "Ingia, kuna wateja."

Nikaingia, nikapima. Na alichosema kilikuwa sawa, hilo ndilo lililonichoma. Kila mtu alikuwa sawa. Shosho alikuwa sawa, wamama walikuwa sawa, mama alikuwa sawa. Ungewasikiliza wote mmoja mmoja ungewapa haki wote, na bado mwisho wa njia kuna mtu amekaa na beseni tupu, na mwingine anaitwa mwizi.

Nilijaribu mara moja tena. Chama kilipokutana, nilisimama mlangoni nikaomba kusema. Nilikuwa nimejiandaa, sentensi zimepangwa mstari. Nikaeleza kwamba tungepima yote kipara, kila mtu angepata mbili zake kamili na hakuna ambaye angekosa. Kwamba kile kilichomkosa mama wa mlango wa mwisho kilikuwa hapo hapo uani, juu ya makopo ya wale wengine, kipande kipande. Kila mmoja alikuwa ameenda nacho bila kujua. Nilidhani nikisema hivyo watashtuka, watu watarudi majumbani kuleta kiganja kimoja kimoja.

Mwenyekiti aliniacha nimalize. "Kwa hiyo sasa wezi ni sisi?" akauliza.

"Sijasema hivyo, mathe."

"Umesema tumekula ya mwenzetu."

"Nimesema kilima..."

"Mambo ya fimbo na kilima ni hesabu za shule. Mimi nakuuliza swali la nyumbani. Maharagwe yalitosha ama hayakutosha?"

Mama wa mlango wa mwisho alikuwa hapo, kwenye kona. Nilimtazama yeye, kwa sababu kama kuna aliyepaswa kuelewa ni yeye. Alikuwa anatazama vidole vyake, vilivyokauka kwa sabuni za watu. Nadhani alielewa. Nadhani alielewa vizuri sana, na akaangalia huku na huku akaona wenzake kumi na mmoja ambao ataishi nao, na mimi mmoja. Hakuinua macho.

"Hayakutosha," nikasema.

Kile kibanda walikipata. Wamemweka ndani mke wa mpwa wa mwenyekiti, anauza chipsi. Kimepakwa rangi nyekundu. Chipsi hazina gorogoro wala debe. Anachota tu kwa mkono anatia kwenye karatasi, na sijasikia mtu akilalamika. Nikipita ananiita, "Sasa dadangu, kuja uonje!" Ni msichana mzuri, hajui lolote. Na mimi huonja, na chipsi zake ni tamu, inaniuma kusema.

Shosho alikufa, watoto wakabomoa, nikarudi kufanya kazi na mama. Tunakaa pamoja pale Kisumu Ndogo, tunapigiana hadithi, nacheka sana, watu husema huyu msichana wa omena hana shida duniani. Lakini gorogoro hushika mama. Mimi hufunga karatasi na kurudisha chenji. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Siku ya kwanza tu nilinyoosha mkono kupima, mteja, mmoja wa wale kumi na wawili, akasema kwa utani, "Wacha mama apime, huyu wa Kawangware atanifuta." Mama akacheka kidogo, akachukua kopo mkononi mwangu. Kesho yake sikunyoosha mkono.

Sikumaliza kujiuliza, hata hivyo. Kuna usiku unaamka unajitilia shaka wewe mwenyewe. Labda nilikosea. Labda debe la Shosho lilikuwa limebonyezwa chini nami sikuona. Labda ilikuwa saba na nusu, na nane yangu ilikuwa ya kujisifu tu. Hilo wazo lilikuwa likinitafuna mpaka juzi hapa, nilipokuwa nimepanga foleni ya maji. Mtungi wa mtu ulijaa akiwa anaongea na simu, na maji yakaendelea kuja. Nikayaona yanafika mdomoni na kumwagika pande zote sawa. Maji huwezi kuyapandisha kwa viganja. Wala hayahitaji fimbo, yanajifuta yenyewe.

Jumapili mama alipoenda kanisani, nilinunua mtungi wa maji na mwingine. Nikatoa lile debe la bati la Shosho, nililopewa duka lilipobomolewa, ambalo sasa tunahifadhia omena, nikalisugua kwa majivu, nikaliweka uani, nikatia kijiwe chini ya upande mmoja mpaka likakaa sawa. Nikachukua gorogoro ya mama. Uwanja ulikuwa mtupu, wote wako kanisani, nilisikia ngoma zao kutoka pande mbili. Nikajaza gorogoro mpaka mdomoni, nikamimina debeni. Nikajaza tena. Sikuharakisha. Ile ya saba iliacha pengo la kutosha gorogoro moja, nami nikatazama nyuma kama mtu anayeiba kweli. Nikamimina ya nane kwa uzi mwembamba. Maji yalipanda mpaka ukingoni, yakatulia, yakainuka kiasi cha unene wa ukucha juu ya bati kama yanayotaka kufunga kilima, kisha yakashindwa, tone moja likateremka ubavuni.

Nane.

Nilikaa kwenye kiti cha mama nikalitazama debe. Hakukuwa na wa kumwambia. Kisha nikainuka nikayachota yale maji kwa gorogoro, nikayabeba mpaka mwisho wa njia, kule kwenye mtaro, ambako yule mama ana gunia lake la udongo lenye mboga za sukuma mlangoni. Jua lilikuwa limezinyongonyesha. Nikamwagilia juu, nikamwagilia pembeni kwenye kila shimo ambamo mche umechomoza, nikirudi kuchota na kuja tena, mpaka debe likaisha na udongo ukaacha kunywa. Nikalirudisha debe mahali pake, nikafuta gorogoro kwa kanga, nikaiinamisha juu ya meza ya omena ikauke kabla mama hajarudi.